Okidi ya Bure na Mwiba wa Mlimau

Miaka ya mwanzo ya uhuru, Wafaransa waliokuwa wakiondoka kisiwani Nosy Be waliuza kila kitu isipokuwa makosa yao. Mmoja wao, aliyekuwa na shamba karibu na Ambanoro, alitandaza barazani viti, masufuria, kofia za jua na vyungu kama ishirini vya okidi. Kila chungu kilikuwa na kibao cha bati chenye jina la Kilatini, isipokuwa kimoja. Mimi na mke wangu tulikuwa likizo kwa mama yake, hapohapo Ambanoro, nikaenda kununua kabati la vitabu. Yule bwana akaniongezea kile chungu kisicho na kibao, kama muuza samaki anavyokutupia dagaa wa nyongeza.

"Huu ni mmea gani?" nikamuuliza.

"Si nimesikia wewe ndiye msomi?" akajibu, akageukia mteja mwingine.

Msomi nilikuwa kweli. Nilikuwa na shahada ya elimu ya mimea kutoka Ufaransa, ambako kwa miaka minne nilichambua maua yanayoota theluji ikishayeyuka. Mimea ya kwetu niliijua kama anavyoijua mtoto yeyote wa Mahajanga: huu unaliwa, huu unawasha, huu usimpake mdogo wako.

Nilirudi kwetu Mahajanga kwa meli, chungu mapajani, kabati likatapikiwa na abiria. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mke wangu, kwa kuwa kwetu sisi watu wa asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, na mume huhamia na masanduku yake na adabu zake. Nikaomba ruhusa ya kuutundika ule mmea barazani. Nikapewa, kwa sharti kwamba maji yasidondoke penye mikeka.

Kosa la kwanza nililifanya wiki hiyohiyo. Niliuhamishia kwenye udongo mzuri mweusi na samadi ya ng'ombe juu yake, kama nilivyofundishwa na vitabu vyote. Baada ya mwezi mizizi ilikuwa imelainika kama tambi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba okidi za kwetu nyingi hukaa juu ya miti, wala hazina haja na udongo wa mtu. Nikauosha, nikaufunga kwa kamba kwenye kipande cha gogo pamoja na makumbi ya nazi, nikawa naunyunyizia maji asubuhi kabla ya kwenda shule kufundisha. Ukapona bila shukrani yoyote. Ulikuwa na majani manene yaliyopangana kama upepeo, na kwa miaka miwili haukufanya kazi nyingine.

Jina lake nililitafuta. Mkuu wetu wa shule aliniazima kitabu kikubwa cha mimea ya Kimalagasi, kile cha maswali: kama jani liko hivi, nenda namba saba, kama liko vile, nenda namba ishirini. Kila njia niliyopita iliishia kwenye ua. Bila ua, kitabu hakinijui wala mmea hakiujui.

Mwaka wa tatu likatoka tumba moja. Wiki ileile tukaarifiwa kwamba mkaguzi anakuja kutoka mji mkuu. Mimi nilikuwa bado mwalimu wa majaribio, ninafundisha madarasa ya chini. Mkaguzi angekaa darasani kwangu siku ya Jumanne, na baada ya hapo ama ningethibitishwa na kupewa madarasa ya juu, ama ningebaki na wale wanaokula chaki. Katika chumba cha walimu nikatangaza, kwa sauti ambayo hadi leo inaniaibisha, kwamba nitafundisha kwa ua la nchi yetu wenyewe, na kwamba nitalitambua jina lake palepale, mbele ya mkaguzi, swali kwa swali.

Ua likafunguka Alhamisi. Lilikuwa jeupe, kama nta, na nyuma yake lilining'iniza mkia mrefu mwembamba. Jioni likanukia hadi majirani wakauliza nani anaoa. Nikakaa na kitabu, nikafika mahali panaposema: lifungue ua, utazame chavua. Kulikata ua langu pekee siku tano kabla ya mkaguzi? Nikafunga kitabu. Lingekatwa Jumanne, darasani, kwa wembe mpya.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Tangu usichana wake alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya vanila. Nyumbani tulisema Kimalagasi cha kaskazini. Yeye alipotaka kusema jambo lisilopingwa alihamia Kingazija.

Ijumaa mchana nilirudi kutoka msikitini nikamkuta barazani, mkononi ana mwiba wa mlimau, uso umejaa wema.

"Baba," akaniambia, "nimekumalizia kazi yako."

"Kazi gani, Mama?"

"Ua limefunguka tangu jana, na wewe unalitazama tu kama picha ya bibi arusi. Vanila haikungoji. Likifunguka alfajiri, adhuhuri limeanguka. Nimelichavusha."

"Mama, hii si vanila."

"Ndugu yake. Nilipolifunua ndani nikamjua. Usinifundishe mimi."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Ni ndugu kabisa. Lakini vanila ililetwa kutoka mbali bila mdudu wake, ndiyo maana watu wa mashamba huamka alfajiri kuifanyia kazi hiyo kwa mwiba. Okidi hii ilikuwa mwenyeji, ingeweza kumngoja nondo wake, yule kipepeo wa usiku, kwa majuma. Na okidi ikishachavushwa haina tena sababu ya kujipamba.

Mume hamfokei mama mkwe kwa ghadhabu, tena ndani ya nyumba ya binti yake. Nikasema, "Ahsante, Mama." Nikaingia jikoni, nikamkuta mke wangu amejiziba mdomo kwa leso, machozi yanamtoka.

"Unalia?"

"Ninacheka. Lakini naweza kulia pia, ukitaka."

Kufikia Jumatatu ua lilikuwa kitambaa cha kudekia. Jumanne nikaupakia mmea kwenye puspus, kigari cha kuvutwa na mtu, nikamwomba mvutaji aende polepole, na yeye akaniuliza kama nampeleka mgonjwa hospitali.

Mkaguzi alikaa nyuma, miwani puani. Nilifungua kitabu, nikauliza swali la kwanza, la pili, la tatu. Nikafika penye chavua, nikalipasua ua. Chavua haikuwapo mahali pake. Ilikuwa imebandikwa kule inakotakiwa kufika, kwa ustadi ambao mimi mwenye shahada sikuwa nao.

"Kwa hiyo jina lake?" mkaguzi akauliza.

"Silijui, bwana."

"Na nani amefanya hivi?"

Darasa zima likanitazama. "Mama mkwe," nikasema.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Ilibidi niwaeleze habari ya vanila na mwiba wa mlimau, na hizo dakika kumi ndizo sehemu pekee ya somo ambayo hakuna aliyepiga miayo.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ningeendelea na madarasa ya chini mwaka mwingine, pamoja na somo la usafi. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu ana bidii, ila mmea aliouleta unajulikana zaidi na mkwewe.

Mke wangu alimsomea mama yake barua hiyo neno kwa neno, akimtafsiria, bila huruma. Mama mkwe akainuka, akaingia jikoni. Hakuniomba radhi, mkwe haombwi radhi, mkwe hulishwa. Mchana ule nikawekewa kichwa cha samaki, ambacho siku zote kilikuwa chake. Usiku, mkate wa sinia. Kesho yake, wali wa nazi na kuku mzima, naye akakaa mbali kidogo, akiangalia kama nakula.

"Bado una huzuni, Baba?" akaniuliza.

Kwa kweli huzuni ilikuwa imeniisha kwenye paja la pili. Lakini nilikuwa nimeona jikoni kapu la kamba wabichi, na nazi tatu zinangoja kukunwa.

"Bado, Mama," nikasema, nikashusha pumzi ndefu. "Bado kidogo."