Leseni Yangu Kwenye Akaunti ya Mtani

Watu wananiambia nisahau. Sisahau ng'o! Nikiikumbuka ile simu damu inanichemka.

Kazi yangu ilikuwa kunukuu sauti. Kampuni moja ilikuwa inanitumia maongezi ya wakulima na kina mama wa sokoni, wote wakiongea Kinyamwezi, nami nayaandika neno kwa neno kwenye kompyuta. Lugha niliyochapwa shuleni kwa kuiongea, leo inanilisha mimi na mama yangu! Sharti lao lilikuwa moja tu: programu yao haifunguki kwenye kompyuta isiyo na leseni halali ya mfumo endeshi. Leseni nilikuwa nayo, nimeinunua mwenyewe.

Aliyeniwekea ni fundi mmoja hapa Kanyenye, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu kubeba mizigo kwenda pwani. Huyu fundi ataingia jikoni kwangu, afunue sufuria, ale, aniite mpagazi wake, nami nicheke. Mimi nami nimewahi kumvua kofia msibani nikaondoka nayo. Basi siku ile akaisajili leseni yangu kwenye akaunti yake. "Mali ya mpagazi ni mali yangu," akasema. Nilicheka mpaka machozi.

Masika umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza madabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu ndani ya kompyuta. Fundi akafunga nyingine. Kompyuta ikawaka vizuri, lakini leseni ikagoma. Kwa mfumo, bodi mpya ni kompyuta mpya, kwa hiyo leseni lazima ihamishwe, na anayeweza kuihamisha ni mwenye akaunti. Programu ya kazi ikagoma kufunguka. Msimamizi wangu akanipa mpaka saa sita mchana, la sivyo kazi anapewa mwingine.

Nikamwita fundi. Akaja anacheka, akaingiza paswedi yake, akajaribu kuhamisha. Ikakataa, ikatutaka tupige simu kituo cha msaada. Akapokea dada mmoja wa Nairobi, mpole. Tukaweka spika. Nikamweleza kila kitu. Akasema sawa, ni jambo dogo, anachohitaji ni mwenye akaunti athibitishe.

"Kaka, hii kompyuta ni ya huyu dada?"

Swali gani rahisi kuliko hilo? Ndiyo. Neno moja!

"Huyu?" fundi akasema. "Huyu ni mpagazi wangu bwana, tumemnunua kwa chumvi. Kompyuta ni yangu, na yeye ni wangu!"

Akaangua kicheko, akanyoosha mkono nimpigie tano. Kisha yule dada, sauti imebadilika, akasema ombi amelifunga kwa sababu mwenye akaunti amekana, na akaniuliza kama niko salama. Nikapiga kelele, "Ni utani, dada, ni mtani wangu!" Utani gani? Kwao hakuna kitu kama hicho. Akakata.

Tulipiga tena na tena. Fundi aliapa, akabembeleza, hata kicheko kilimwisha. Kila aliyepokea alisoma maelezo ya mwenzake na kutuambia suala linachunguzwa, tusubiri. Saa sita ikapita. Jioni msimamizi akaniandikia kwamba kazi amepewa mtu wa Nzega.

Nililia kwa hasira, jamani. Nilitaka kumkamata yule mwanamume nimtikise! Mama akanishika mkono. "Mwanangu, mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, watu watakushangaa wewe." Na kweli, majirani walinishangaa mimi. Hadithi ilizunguka mtaa mzima, watu wanashika mbavu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, watu husema kila siku, lakini usaha wenyewe walinitaka niucheke.

Kesho yake fundi alikuja na jogoo. Akasimama mlangoni, haingii. "Mtani, umenuna?"

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Karibu kiti."

Uso ukamshuka. Hakukaa. Jogoo nikamrudishia, nikamshukuru kwa adabu zote.

Hadi leo anapita hapa kila asubuhi akienda dukani kwake. "Habari za asubuhi, dada," anasema. Nami namjibu nzuri.