Kicheko cha Kila Jumapili

Tulikuwa mama, shangazi Taprandich dada ya baba, jirani yetu Chebet, mimi mtoto, na yule mtangazaji wa redio aliyekuja kijijini kwetu Mogogosiek na mashine ya kurekodi. Jana mjukuu wangu alianika betri juani, na ile harufu ya betri za mashine ikanirudia.

"Mama, una watoto wangapi?" mtangazaji alimwuliza siku ile.

Mama akamtazama shangazi. Kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia kifo. Huyo mtangazaji alikuwa mtu wa kwetu, alijua.

"Wewe, uliza mambo ya chai," shangazi akamwambia.

"Hesabu na vidole basi, mama. Ama vimeisha?" Mtangazaji akacheka sana.

Hayo maneno na kicheko chake vilifungua kipindi chake kila Jumapili, miaka mingi, mpaka akastaafu akisifiwa. Vikianza, mama alitoka akaenda kwa ng'ombe. Kwa shamba la chai, Chebet alimwita, "Mama Vidole, hesabu imefika wapi?" Mama alizeeka na hilo jina.

Siku ile, wa kwanza kucheka na mtangazaji nilikuwa mimi. Kama kuna mtu anakumbuka sikucheka, tafadhali anisahihishe.