Siulizi Seli, Nnauliza Ndoa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1965, mwalimu mkuu hakunikaribisha hata kiti. Alinipa boksi la chaki na ufunguo wa kabati, akasema, "Mwalimu wa viumbe keshaondoka, na madarasa yanakusubiri. Nenda." Baada ya Mapinduzi walimu wengi wa sekondari walikuwa wameondoka Unguja, na sisi tuliotoka chuoni juzi tulisukumwa ndani kujaza nafasi. Kabatini nilikuta hadubini moja, jicho la ng'ombe ndani ya chupa ya dawa, na mende wa kutosha kufundishia mwaka mzima.

Enzi hizo tulifundisha kwa kuonyesha. Asubuhi nikinunua moyo wa mbuzi sokoni Darajani, saa nne tunaupasua, wanafunzi wakafuata kwa vidole njia ya damu kutoka chumba hiki hadi kile. Wengi wao walianza skuli wamechelewa, na walikuwa watu wazima wenye ndevu kumshinda mwalimu mkuu. Hao huwezi kuwadanganya kwa mchoro wa ukutani.

Redio ilipotangaza kwamba kusini mwa Afrika mtu kapandikizwa moyo, yaani katolewa wake mbovu akatiwa wa marehemu, darasa halikukalika. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na mapenzi yake kwa mkewe yamehamia wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa. Hapo nikaona pa kuingilia, nikatunga masomo yasiyokuwemo katika silabasi. Nikawaeleza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, unavyoweza kutolewa kwa maiti ukamrudishia kipofu nuru. Nikawaeleza kuwa damu nayo ni tishu, mkusanyiko wa seli zinazoshirikiana kazi, na kwamba aliye hai anaweza kuitoa na mwili ukaijaza tena. Fundi wa maabara wa hospitali alikuja kutudunga vidole, kila mmoja akajua kundi lake. Mimi nilikuwa kundi B, na Pandu, kijana mpole wa Chwaka, alikuwa O, kundi linalowafaa karibu watu wote.

Pandu huyo ndiye aliyesimama akauliza, "Mwalimu, aliyenyonya ziwa la mama yangu ni ndugu yangu, simuoi. Je, akitiwa damu yangu?"

Hakuna aliyecheka. Kwetu ndugu wa ziwa ni ndugu kweli, na ndoa kati yao ni haramu. Ikiwa maziwa yanafanya undugu, damu itakosaje? Nikamjibu kwamba sijui, nitamuuliza maalim wa dini. Habari zikamfikia mwalimu mkuu, akaniita ofisini.

"Bibi, viumbe ni viumbe, dini ni dini. Usiingie somo la maalim, na yeye haingii lako. Na mimi sitaki kusikia mzazi kaja hapa kuniuliza damu ya mwanawe."

Hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopa wazazi kama sote. Kwa maalim sikwenda, ingawa ulimi uliniwasha.

Likizo iliyofuata, wanafunzi wameshatawanyika mashamba, Pandu alinijia nyumbani Mkunazini baada ya Alasiri akihema. Gari la abiria lilikuwa limepinduka njia ya Chwaka. Ndani alikuwemo Mize, binti wa mjomba wake, mchumba wake. Damu ilikuwa inamvuja tumboni, na daktari hakutaka kumpasua mpaka apatikane wa kumpa nyingine. Baba yake kundi halikuwafiki. Wajomba kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Alibaki yeye, mwenye O.

Nikamwambia nilichokijua: seli za damu haziishi ila miezi michache, zikafa, mwili ukatengeneza zake. Hazibaki kuwa za mtoaji.

"Mwalimu, mimi siulizi seli. Nnauliza ndoa."

"Tangulia hospitali," nikamwambia. "Mimi nnakwenda kwa maalim."

Nilivaa buibui langu nikaenda nusu mbio mpaka Kikwajuni. Maalim wa dini, mzee mkavu wa maneno machache, alinisikiliza mlangoni.

"Ziwa linalofanya undugu ni la mtoto mchanga, ndani ya miaka yake miwili," akasema. "Damu haimo. Mwambie ampe, na ndoa yake ipo palepale. Lakini bibi, swali hili mbona hukuniletea zamani?"

"Tumekatazwa, maalim."

"Hata kunywa chai pamoja tumekatazwa?"

Nilikwenda mbio hospitali, nikamkuta Pandu kalazwa ukumbini, pamba kwenye mkono.

"Nshatoa, mwalimu."

"Hukunisubiri?"

"Daktari kasema Mize hawezi kusubiri. Basi. Atakuwa dada yangu, ataolewa na mwengine. Madhali yupo."

Akageukia ukutani. Nililia mbele ya wauguzi, sikuona haya. Nilipomweleza jibu la maalim aliinuka kitandani kwa ghafla, muuguzi akamrudisha chini kwa ukali.

Skuli ilipofunguliwa, mimi na maalim tulifundisha somo la damu pamoja. Mwalimu mkuu alikuja akakaa nyuma, na mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi kundi gani?"

Nimestaafu zamani. Leo vijana wanaulizana juu ya figo na macho, na mimi nawaambia: waulizeni wa elimu zote mbili, tena mapema, kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Kazi yangu niliipenda, na kama ningepewa tena boksi lile la chaki ningelipokea.

Mize, mke wa Pandu siku nyingi sasa, huja kunitazama. Siku moja tukinywa kahawa nilimsimulia maneno ya Pandu ukumbini kule hospitali, nikidhani ameshayajua. Hakuwa akiyajua. Pandu hakupata kumwambia. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe aliridhia kunikosa?"

"Aliridhia uishi."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na miaka yote hii," akasema, "nnamlaumu hajui kusema neno la mapenzi."