Msimu Nilipongoja Dola Ishuke

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hadi leo. Nilikuwa kijana, karani wa chama chetu cha kahawa huku Wamagana, na nilikuwa siambiliki.

Mashine ya kutoa kahawa maganda ilikuwa imeanza kugonga vibaya. Fundi akasema kipuri chake kimechakaa, kingine kiagizwe India kabla ya msimu. Bei ikaja kwa dola. Muuzaji Mhindi, wanunuzi wa kahawa yetu Wajerumani, lakini kila karatasi imeandikwa dola; ndivyo dunia inavyofanya biashara. Na wiki hizo dola ilikuwa ikipanda kila kukicha. Nikawaambia wazee wa kamati tungoje ishuke. Walinikubalia kwa sababu nilikuwa nimesoma, nami nikavimba kichwa.

Haikushuka. Kahawa ikaiva, na mashine ikakwama katikati ya mavuno. Kahawa ikichumwa hutolewa maganda siku hiyo hiyo, la sivyo inachacha. Magunia yalipangwa hadi barabarani, jua linawaka, watu wananitazama. Kesho yake harufu ya kuchacha ilikuwa imejaa kiwandani.

Mama Nyokabi, mjane aliyetegemea mavuno hayo kumpeleka binti yake Nyokabi chuo cha uuguzi, alifungua gunia lake mbele yangu. Nikaanza kumweleza habari za dola. Akanikatiza.

"Hiyo dola unaogopa, si ndio wanatununulia nayo kahawa? Ikipanda, si hata sisi tungepata zaidi? Wewe uliangalia ile ya kutoka tu. Sasa Nyokabi nitamwambia nini?"

Nyokabi alikaa nyumbani mwaka mzima, akichuma majani chai kwenye mashamba ya watu. Nikimwona kwa mbali nilibadilisha njia. Niliona aibu, na bado naiona.

Sasa nasikia nawe huko Gatitu, kwenye duka lako la pampu za maji, unachungulia dola kwenye simu kabla hata ya chai, na wakulima wanangoja. Mwanangu, pesa hiyo si yetu, haipandi wala kushuka kwa ajili yako. Angalia inapokutoka na inapokuingia, kisha ujiulize ni nani ataumia ukingoja. Pampu ya mtu ambaye mahindi yake yanakauka, iagize leo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na akuepushe kusimama mbele ya gunia la mtu kama nilivyosimama mimi.