Ukoo Usiokuwa na Babu

Msiba wa baba mkubwa kule kwetu Kisarawe naukumbuka kama wa jana, mwanangu. Wanaume wa kwetu walikuwa hawazeeki. Babu alianguka ghafla kabla sijazaliwa, baba akafuata, na sasa kaka yake. Presha. Wazee wakasema ndiyo damu yetu, nami nikaamini zamu yangu inakuja. Nilikuwa nimeshamposa mama yako kule Visiga. Siku ile niliazimia kuvunja uchumba, nisije nikamwacha mjane na watoto mikononi.

Tulikuwa tunakula pale msibani alipoingia mtani wetu, Mama Kashindye, jirani Mnyamwezi. Kavaa kofia ya marehemu, kaiga sauti yake nzito, kaketi mbele ya sinia. Hajaonja hata tonge, akafoka: "Leteni chumvi huku! Zahanati ya nini? Mimi mwanamume!"

Watu walicheka hadi machozi, maana ndivyo alivyokuwa hasa. Mimi sikucheka. Mkono wangu ulikuwa ndani ya kopo la chumvi, na wali wenyewe sijauonja.

Akaniona. "Haya, mtani! Hilo kopo limeshikwa na damu ya ukoo, au na mkono wako?"

Kesho yake nilikwenda kupima Kibaha. Presha ilikuwa juu kweli. Daktari akanieleza kwamba vinasaba nilivyorithi vina sehemu katika umri wa mtu, navyo sina pa kuvirudisha. Lakini chumvi, dawa na kupima ni juu yangu mwenyewe. Weee, furaha niliyotoka nayo pale! Nilikwenda moja kwa moja Visiga kupanga siku ya harusi.

Sasa sikia. Katika ukoo wetu hakuna mtoto aliyewahi kumwamkia babu mzaa baba. Juzi mwanao, ulimi bado mzito, kasimama mlangoni akaniambia, "Shikamoo, babu." Nilichelewa kuitikia kwa sababu nilikuwa nalia.

Kapime, mwanangu, usingoje kuumwa. Ijue damu yetu, usiifiche wala usikate tamaa nayo, na onja chakula kwanza. Mungu akujaalie mvi kichwa kizima, na sauti ndogo mlangoni ya kukuamkia, nawe uwepo wa kuitikia marahaba.