Foleni ya Kipande cha Kwanza

Kipande cha saba nilikipata kwenye mfuko ulio nyuma ya kiti cha dereva, siku basi letu la shule lilipokwama mtaa wa Al-Safa na simu yangu ikawa imekwisha chaji. Kilikuwa chembamba kama daftari la mtoto wa nasari. Jalada lake lilikatwa kwenye katoni ya tende, mgongo ukashonwa kwa uzi mweusi wa viatu. Ndani, Kiingereza cha kuchapwa, kinaanzia ukurasa wa 301 katikati ya sentensi: mwanamke mpima ardhi amesimama mtoni, maji kiunoni, ameinua chombo chake cha kupimia juu ya kichwa, na kaka yake yuko ukingoni na kamba mkononi, hairushi.

Nikasoma. Basi likatembea, likasimama, likatembea. Ukurasa wa 350 mtu anafungua barua, na hapo hapo kurasa zimekwisha.

"Shirleen! Kwenu hapo, mwanangu, ama ushahamia basini?"

Huyo ni Bi Mwatime, anayetusimamia sisi wasichana ndani ya basi. Amezaliwa hapa hapa Jeddah, lakini wazazi wake walitoka Unguja mwaka 1964, na Kiswahili chao hajakiacha hata siku moja.

Sikushuka. Niliinama mbele nikamuuliza dereva, "Anko Wambua, hiyo barua ilikuwa imesema nini?"

Alinitazama kwenye kioo. Wambua ni Mkamba, mrefu, mpole, na tangu nimjue nilidhani maneno yake yote ni "fungeni mikanda".

"Umesoma ya saba?" akasema. "Bila ya sita?" Aliuliza kama mtu aliyeniona nikiingia nyumba ya watu kupitia dirishani. "Rudisha pole pole, usiichafue. Dereva mwenzangu, Ezekieli, anaingoja kesho."

Lazima nieleze kwa nini jambo dogo kama hilo lilininyima usingizi. Shule yetu inafuata mtaala wa Kimarekani. Somo la fasihi tunasomea kwenye tableti: ukurasa mmoja wa hadithi, kisha maswali manne, chagua a, b, c au d. Kesho yake ukurasa wa hadithi nyingine. Kwa hesabu yangu nimesoma mianzo ya hadithi arobaini na kitu, na mwisho wa hata moja siujui. Nina miaka kumi na mitano. Mama yangu, ambaye ni nesi, hulipia shule hiyo kwa jasho lake. Sikuwahi kuona kuna kinachokosekana mpaka ile barua ilipokatika mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo nikahamia kiti cha nyuma ya dereva, nikawa namuuliza maswali kila siku, na Wambua, kumbe, ana maneno.

Amezaliwa Mutomo, Kitui, kule Kenya. Shule aliacha kidato cha pili, akawa fundi viatu sokoni. Wateja walikuwa wanaleta viatu vimefungwa kwa karatasi za magazeti na vitabu vilivyochanika, naye akishona anasoma. "Nilisoma kila kitu mpaka mahali karatasi imeraruka," aliniambia. "Harusi ya mtu, kesi ya mtu, vita. Sijui ziliisha vipi. Mpaka leo kuna kesi moja ya ng'ombe inanisumbua." Jeddah alikuja miaka kumi na moja iliyopita. Mke na watoto wanne wako Mutomo.

Mwaka jana shule iliamua chumba cha maktaba kiwe ukumbi wa skrini, na ile mito mikubwa ya kukalia. Madereva waliitwa kusaidia kubeba vitabu mpaka kwenye pipa kubwa la taka. Wambua alimwomba mama wa maktaba kitabu kimoja tu. Akaruhusiwa, na ukurasa wa kwanza ukagongwa muhuri mwekundu, kuonyesha kimeondolewa shuleni. Alichukua kinene kuliko vyote, riwaya ya Kimarekani ya kurasa mia sita.

"Ningejuaje kama nitapata kingine?" akasema.

Na hapo ndipo nilipoelewa vile vipande. Dereva wa basi la shule akishusha watoto saa moja kasoro asubuhi, anaegesha nyuma ya shule mpaka saa saba na nusu mchana. Mabasi ni kumi na mawili. Kitabu kinene juu ya dashibodi msimamizi anakiona kutoka mbali, na atasema mtu huyu hajali kazi. Halafu mtu mmoja akikikalia miezi sita, wenzake kumi na mmoja wanafanya nini? Wambua akakikata kurasa hamsini hamsini, akashona kila kipande kwa sindano yake ya fundi viatu, vikawa kumi na viwili. Kikikunjwa kwa urefu kinaingia mfuko wa shati. Ukimaliza unaandika jina lako nyuma ya jalada, unapokea kinachofuata. Sheria ni moja: huambii mtu yaliyo mbele. Ezekieli aliwahi kutaja nani anakufa kwenye cha tisa, wakamnyima chai wiki nzima.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Niliazima cha saba tena, nikakipeleka darasani, maana nilitaka mtu mwingine akione. Miss Maureen, mwalimu wetu wa fasihi, ametoka Ohio, Marekani. Alikishika kwa mikono miwili, akapapasa ile mishono.

"Madereva wanasoma hiki?" akauliza. "Chote?"

"Chote, Miss. Kumi na wawili."

Alikaa juu ya meza, akatusimulia. Alifundisha kwao miaka tisa. Siku moja kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama akasema hajamaliza kitabu tangu atoke shule, na bado ana malori matatu, basi vitabu ni vya nini? "Ukumbi mzima ulipiga makofi," alisema Miss Maureen. "Si kwamba walimvumilia. Walimshangilia." Maktaba ya mji wao siku hizi hufunguliwa mara mbili kwa wiki. Kumwita mtu msomi kwao, alisema, ni kama kumtukana kwa adabu. Wanafunzi wake wengine waliingia chuo kikuu hawajawahi kusoma kitabu kizima, na hawakuona haya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa.

"Na wewe, Miss?" akauliza Nada, jirani yangu wa dawati.

Miss Maureen alicheka, lakini uso ulikuwa mwekundu. "Nasoma ukurasa mmoja, mkono unaenda kwenye simu. Miaka mitatu sijamaliza kitu."

Marekani! Kule ndiko kitabu chenyewe kilikoandikwa! Nilikuwa najua wametutumia sinema, viatu na mtaala. Sikujua kwamba na huo ukurasa mmoja mmoja wetu ulitoka huko, kwa watu waliochoka kusoma.

Miss Maureen alikipenda mno kile kipande, akaenda kuwaonyesha walimu wenzake wakati wa chai. Huko alikuwepo Ustadh Haidar, msimamizi wa usafiri. Yeye hakuangalia mishono. Aliangalia ukurasa wa 320, ambao ulikuwa na muhuri wa buluu wa mali ya shule.

Kesho yake kabla ya kengele ya kwanza Wambua aliitwa ofisini. Aliporudi alikuwa yule wa zamani wa "fungeni mikanda".

"Kitabu cha shule kimekatwa," Bi Mwatime alinieleza kwa sauti ya chini. Ndiye aliyewatafsiria. "Haidar asema ni kuharibu mali. Ikama yake Wambua, kibali chake cha kukaa, yakwisha baada ya wiki tatu, na kampuni haimfanyii upya mtu mwenye barua ya namna hiyo. Ampa hadi Alhamisi alete ukurasa wenye muhuri mwekundu."

"Si awaulize maktaba?"

"Maktaba ipi, mwana wee? Mama wa watu keshakwenda kwao. Na daftari la vitabu vilivyoondolewa, walilitupa pamoja na vitabu!"

Muhuri mwekundu ulikuwa kwenye kipande cha kwanza. Na kipande cha kwanza hakikuwa Jeddah. Danson, mmoja wa madereva, alihamishiwa tawi la Riyadh mwezi wa kwanza, akaondoka nacho mfukoni akisema atakituma. Hakukituma. Alianzisha foleni yake huko.

Siku hiyo sikula. Wakati wa mapumziko nilimbembeleza Bi Mwatime anipeleke nyuma ya shule nikaombe msamaha. Nilifikiri nitakuta mtu mmoja mwenye huzuni. Nilikuta mabasi kumi na mawili yamepangwa chini ya paa la mabati, milango wazi kwa joto, na karibu katika kila mlango mtu ameketi kwenye ngazi na kipande cha katoni ya tende mkononi. Mmoja wao alikuwa anatabasamu peke yake. Wa mwisho kule, kijana wa Kiganda, alifuta macho kwa kola ya shati, akafungua ukurasa mwingine. Yule mwanamke wa mtoni alikuwa, saa ile ile, msichana mdogo kwenye basi la pili, bibi harusi kwenye la tano, na mzee kwenye la kumi na mbili. Maisha yake yote yalikuwa pale, yameegeshwa kwenye lami. Katika jengo letu, nyuma ya ukuta ule, watoto mia nne walikuwa wanachagua a, b, c au d.

"Anko, ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilimpa Miss."

Wambua alikuwa anashona jalada lililolegea. "Najua. Ungekuwa hujaipenda ungeiacha kwenye kiti." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nisiporudishwa Mutomo nitakunyima chai tu."

Ezekieli akacheka kwa nguvu. "Mnyime mwaka mzima!"

Nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja.

Danson alituma picha ya ukurasa kwa simu jioni hiyo. Ustadh Haidar akaikataa: picha mafi, yaani hakuna, hata mpwa wake mdogo anatengeneza picha. Basi Danson akatafuta dereva wa basi la abiria linalotoka Riyadh kuja Jeddah, zaidi ya kilomita mia tisa za jangwa. Jumatano halikuja. Alhamisi asubuhi Wambua alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe. Saa nne na nusu bahasha ya kaki ikafika langoni kwa mlinzi.

Nilijipenyeza ofisini nyuma ya buibui la Bi Mwatime. Miss Maureen naye alikuja, bila kuitwa, akasimama karibu na mlango. Ustadh Haidar akakitoa kipande kwenye bahasha. Muhuri mwekundu ulikuwepo, umefifia kidogo, lakini unasomeka. Aliuweka chini ya taa, akausugua kwa kidole. Wambua alikuwa ameshika ncha ya meza.

Kisha Ustadh akakigeuza.

Nyuma ya jalada hakukuwa na nafasi. Danson alikuwa amegundisha karatasi ya pili, na ya tatu. Majina. Niliyahesabu toka juu hadi chini: hamsini na manne. Dereva wa lori. Mlinzi wa ghorofa. Nahashon, wa karakana. Wangari, anayefanya kazi ya nyumbani, ameandika kwa Kiswahili: *Samahani kwa mafuta ya ukurasa wa 22, nilikuwa nakaanga. Nitumieni cha pili haraka.*

"Hawa ni nani?" Ustadh Haidar akauliza, na Bi Mwatime akatafsiri.

"Wanaosubiri cha pili," akajibu Wambua.

Ustadh alipitisha kidole kwenye majina, la kwanza mpaka la mwisho, polepole, kama anatafuta la mtu anayemjua. Akafunga. Akamrudishia kwa mkono wa kulia.

"Halas, ya Wambua, yamekwisha. Nenda kwenye basi lako."

Mlangoni Miss Maureen alimzuia. Alizungumza Kiingereza cha polepole, kama msichana anayeomba ruhusa. "Naweza kuazima hicho? Cha kwanza?"

Wambua akamtazama, akatazama kipande, akakuna kichwa. Nilidhani atampa papo hapo. Ni mwalimu, tena ndiye aliyekuja kusimama naye.

"Madam, kuna foleni," akasema.

Akatoa kalamu ya mfukoni, na kipande cha katoni chenye orodha ya wanaongoja. Mbele kulikuwa na madereva wawili wapya, fundi wa viyoyozi, mpishi wa kantini. Mimi nilikuwa wa tano. Miss Maureen alisoma majina yote, akaandika lake chini kabisa, nafasi ya kumi na moja, kisha akauliza anaweza kukipata lini.

"Baada ya Ramadhani," akasema Wambua. "Na usimsikilize Ezekieli."