Kumlisha Kitatange Kasulu

Marehemu mume wangu alizaliwa Tanga, akaja Kasulu kuuza vitenge. Mimi ni Muha wa Kagerankanda, niliishia darasa la saba, na bahari sijaiona mpaka leo. Lakini sebuleni kwangu kuna maji ya bahari. Aliyatengeneza mwenyewe: maji ya mvua ya bati letu, yakachujwa, yakatiwa chumvi maalumu kutoka Dar. Ndani ya tangi la kioo aliotesha matumbawe, akianza na vipande vidogo kama kidole. Wageni walidhani ni mawe mpaka walipoyaona yakifungua vinywa.

Samaki wa mwisho aliyemleta alikuwa kitatange, wa njano, bapa kama kisosi, mwenye mdomo mwembamba uliochongoka. Alisafiri naye kwenye basi akiwa amempakata ndani ya mfuko uliojazwa hewa. Haukupita muda mume wangu akaugua, akafa.

Nikakaa eda. Miezi ile mjane hatoki ovyo, kwa hiyo nilishinda mkekani, mkabala na kioo. Hapo ndipo nilipoona kitatange anadonoa matumbawe. Anachagua kinywa kimoja, anadonoa, anahamia kingine. Tumbawe la zambarau, alilolipenda marehemu kuliko yote, likajikunja, na upande mmoja ukabaki mweupe kama mfupa.

Nilimpigia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyeko Dar. Akaniambia kwa upole kwamba samaki yule ndivyo alivyoumbwa, chakula chake ni matumbawe, na siwezi kuwa na vyote viwili. Eda ikiisha angekuja kumchukua. Nilimwitikia, lakini moyo ulikataa. Nilikuwa nimetoka kuzika. Sikutaka kitu kingine cha mume wangu kitoke mle ndani, si samaki, si tumbawe.

Nikaanza kumtazama anavyokula. Nikitupa chakula, wenzake wanakirukia kikiwa bado kinaelea. Yeye anarudi nyuma, kinampita. Anachokijua ni kudonoa kilichoshika kwenye jiwe. Kumbe muda wote alikuwa na njaa.

Juu ya kabati kulikuwa na tumbawe lililokufa, kavu, limewekwa pambo. Nilisaga dagaa, nikawakandika kwenye vitundu vyake kwa kidole gumba, kama mtu anayeziba ufa wa ukuta, nikalitumbukiza. Nilizidisha. Maji yakawa kama mchuzi, nikashinda nayachota na kuyabadilisha huku nikiogopa nimewaua wote. Safari iliyofuata niliweka kidogo sana. Hakuja. Kesho yake pia hakuja. Jirani yangu, mama aliyekuwa akinifanyia mambo ya sokoni, alinikuta nasaga dagaa tena.

"Mama, nyumba hii samaki ndiye anayepikiwa?" akasema. "Basi na mimi niandalie sahani."

Asubuhi moja kitatange alilizunguka lile jiwe la dagaa, akadonoa, akatema, akadonoa tena. Halafu hakuondoka. Nililishikilia mpaka mkono ukafa ganzi majini. Jirani aliponikuta nacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba, alikaa mkekani akacheka na mimi bila kuuliza sababu.

Nikawa namlisha hivyo asubuhi, mchana na jioni. Eda ilinipa nafasi ambayo mtu anayeshinda dukani hana. Tumbawe la zambarau likaanza kufunguka, kwanza ukingoni, kisha ngozi mpya ikatambaa juu ya ule weupe.

Eda ilipoisha shemeji alifika na ndoo yenye mfuniko na pampu ya betri. Hata maji ya kunywa hakuyagusa, akaenda kusimama mbele ya kioo. Nikatumbukiza jiwe, kitatange akaja moja kwa moja. Shemeji akamtazama samaki, kisha akalitazama tumbawe.

"Bado anayadonoa?" akauliza.

"Anayadonoa, shemeji, sikudanganyi. Ila siku hizi yanaota kuliko anavyokula."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Kaka angekuwepo, leo Kasulu nzima ingekoma kwa majisifu yake."

"Angewachosha," nikasema. "Na hiyo ndoo niachie, nitachanganyia maji."